Mwanafunzi Asiyelala

Tulimzika Mwalimu Nyaga Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake Karurumo, kwenye kipande cha shamba kati ya migomba na mibuni. Nilifika mapema nikaketi hema la nyuma, pamoja na watu nisiowajua, nikasoma kijitabu cha mazishi toka jalada hadi jalada. Kilitaja shule zote alizofundisha Kiswahili. Kilitaja kanisa, mifereji ya maji aliyosimamia, wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Mwaka aliokaa Meru mjini baada ya kustaafu haukutajwa hata kwa mstari mmoja. Siwalaumu waliokiandika. Pengine waliuona ni mwaka wa mzee kujipumzisha, kwenda mjini kubonyezabonyeza kompyuta pamoja na vijana. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu mwaka huo, na kazi ninayoifanya hadi leo, na hata namna ninavyosoma barua ya mtu, ilianzia katika kile chumba tulichokaa naye. Udongo ulipoanza kuangukia jeneza nilijikuta sisikii nyimbo. Nilikuwa nasikia bucha.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofani, Majengo, juu ya bucha, hatua chache kutoka msikitini. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa ikang'aa hadi ukiingia na soksi unateleza. Kompyuta zilikuwa tatu na dirisha moja. Dirisha hilo lilitazama uani kwa Mama Zuhura, mwenye nyumba, aliyeanza kukaanga vitunguu saa nne asubuhi kila siku ya Mungu, na harufu ile ilipanda kwetu kabla ya chai. Chini, muuza nyama alipasua mifupa juu ya gogo, tu, tu, tu, nami bila kujua nilikuwa nikibonyeza kwa mdundo huo huo. Miezi ya baridi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa juu ya mabati kama mgeni asiye na haraka, tukafanya kazi taa ikiwa imewashwa mchana, kila mtu amejifunika shuka mabegani. Hata leo nikisikia harufu ya kitunguu kikianza kugeuka rangi, huwa nahisi kuna neno linakaribia kujitokeza mbele ya macho yangu, nami natakiwa niseme kama ni la kweli.

Kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Kulikuwa na programu ya kompyuta, yenyewe iko mbali, sijawahi kuiona ilipokaa, iliyokuwa ikisoma Kiswahili mtandaoni mchana na usiku bila kupumzika. Ilisoma magazeti, kurasa za makanisa, mabishano ya mpira, mapishi, matangazo ya vifo. Mwanzoni ilikuwa imepewa vitu vichache tu: hii ni miji, hivi ni vyakula, hawa ni watu. Kisha ikaachwa. Ikiona watu wameandika "alizaliwa Githongo" na "alizaliwa Embu", inajiambia kwamba kinachofuata "alizaliwa" huenda ni mahali, inatafuta vingine vinavyofuata neno hilo, na hivyo vingine vinaifundisha dalili nyingine. Ilichojifunza leo ndicho ilichotumia kujifunza kesho. Asubuhi tukifika tulikuta orodha ya mambo mapya iliyoyaamini, na kando ya kila jambo, sentensi ilimolitoa. Sisi tuliandika kweli au si kweli. Msimamizi wetu, Madam Makena, aliyesomea mambo hayo ng'ambo akarudi kwao Meru kuyafanyia hapa, aliita programu hiyo kwa jina refu la Kiingereza. Mwalimu Nyaga aliiita Mwanafunzi, na baada ya wiki mbili hata Madam alikuwa ameacha lile jina refu.

Nakumbuka asubuhi moja Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma kwa sauti yake ya darasani. "Hasara ni chakula. Kiapo ni chakula. Njama ni chakula. Rushwa ni chakula."

"Imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika. Inasikia watu wakila hasara, wakila kiapo, wakila njama. Ingekuwa mtoto wa darasa la pili ningempa alama." Akaanza kuandika si kweli, moja baada ya nyingine, kwa upole kama anayemtoa mtoto kipande cha chaki mdomoni. Alipofika kwa rushwa akasita. "Hii nayo tusiikatae haraka," akasema, na Madam Makena, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, aliinamisha kichwa juu ya meza mabega yakitikisika.

Mchana tulishuka uani kula. Mama Zuhura alitupikia wali na maharagwe yenye nazi, na Ijumaa pilau, na alitupakulia huku akisikiliza kila tunachosema, kwa kuwa ile kazi ilimsumbua moyo. "Huyo mwanafunzi wenu," aliuliza siku moja, "saa hizi sisi tunakula, yeye anasoma?" Mwalimu akamwambia anasoma. "Na Ijumaa?" Na Ijumaa. "Na sikukuu?" Na sikukuu. Akamwongezea Mwalimu mchuzi bila kuombwa. "Basi atajua mengi, lakini hatakuwa na adabu. Mtu hupata adabu pale anaponyamaza." Tulicheka. Nikirudi juu siku hiyo niliwaza maneno yote ya Kiswahili duniani yakipita mbele ya jicho lisilofumba, kama mto usiku, na mimi nimeketi ukingoni na kikapu kidogo. Nilikuwa mwenye furaha mwaka ule. Furaha yenyewe haikuwa na kelele. Nilikuwa napita Majengo asubuhi, wanaume wakitundika nyama, wanawake wakimwaga maji mlangoni, na kila nilichokiona kilijipanga kichwani mwangu kuwa sentensi ndogo: hiki ni chakula, huyu ni mtu, hapa ni mahali.

Siku niliyokosea ilikuwa ya Aprili, mvua inapiga mabati hadi lazima mtu apaaze sauti. Kompyuta yangu ilikuwa imezimika tangu asubuhi na fundi hajafika. Mwalimu alikuwa amekwenda kuchukua miwani yake iliyokuwa ikitengenezwa, akaniambia niketi kwenye mashine yake, orodha isilale. Nilikuwa nimeshiba pilau. Chumba kilikuwa na joto la pumzi zetu, dirisha limepata mvuke, na orodha ilikuwa ya watu waliokufa. Mwanafunzi alikuwa amejifunza namna zetu zote za kukwepa neno hilo: ametutoka, amelala, ametangulia, ameaga. Majina yalipanda, nami kila niliposoma jina nilimwona mtu: huyu mrefu, huyu na kofia, huyu ana kikohozi. Nilikuwa kama ninayeota huku macho wazi. Niliandika kweli, kweli, kweli. Sentensi za kando sikuzisoma. Mwalimu alitusisitizia kila siku tusome sentensi mara tatu. Siku hiyo sikusoma hata mara moja.

Siku kumi na tatu baadaye simu ililia mezani kwa Madam Makena. Alisikiliza kwa muda mrefu amesimama. "Ndiyo, mama," alikuwa akisema. "Ndiyo. Pole sana. Tutaangalia sasa hivi." Alipoikata alikuja kwenye mashine akatafuta jina, kisha akatuita. Mwanafunzi alikuwa anaamini kwamba Mama Wambeti, wa Karurumo, amefariki. Aliyoyaamini yalionekana kwenye ukurasa ambao mtu yeyote duniani angeweza kuufungua, na binti wa Wambeti, anayefanya kazi Kanada, aliandika jina la mama yake akitafuta picha zake, akakuta hilo, na ndiye aliyetupigia. Sentensi yenyewe ilikuwa imetoka kwenye ukurasa wa kanisa. "Wanakwaya walimuaga Mama Wambeti kwa nyimbo na machozi, baada ya kuwaongoza kwa miaka mingi. Alikabidhi ufunguo wa kabati la vitabu." Mama alikuwa amestaafu kwaya tu. Wakamuaga. Akarudi nyumbani kwake.

"Nani alikubali hii?" Madam akauliza. Kwenye kioo paliandikwa jina la Mwalimu Nyaga.

Mwalimu aliisoma ile sentensi. Akaitazama tarehe. Kisha akanitazama mimi, muda mfupi sana, kama mtu anayetazama saa. "Imetoka kwenye mashine yangu," akasema. "Nitakwenda kumwona mwenyewe. Ni watu wa kwetu."

"Lakini Mwalimu," Madam akasema, na niliona amesikitika kuliko kukasirika, "si wewe unayetuhimiza kila siku tusome?"

"Ndiyo, Madam."

Mimi nilinyamaza. Nimejaribu miaka hii yote kujipatia sababu, na sababu zipo: nilikuwa nimeshazoea kuitwa hodari, niliogopa kurudi kwetu Githongo bila kazi, niliambia nafsi yangu kwamba mzee amestaafu, hana cha kupoteza. Zote ni za kweli, na hakuna hata moja inayonisaidia. Kutwa nzima nilisikia mifupa ikipasuliwa huko chini. Siku iliyofuata nilinyamaza pia. Mwalimu alinisalimu kama kawaida, akanigawia karanga zake kama kawaida, na nilizitafuna zikawa kama mchanga. Jioni, tukishuka ngazi, alisimama akaniambia, "Kesho naenda Karurumo. Ningependa twende pamoja."

"Mimi, Mwalimu? Mimi ndio nitafanya nini?"

"Safari ni ndefu ukiwa peke yako," akasema, akaendelea kushuka.

Tulimkuta Mama Wambeti kibarazani, amevaa aproni na viatu vya mpira, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuangalia watu arobaini wanaimba na kujua ni nani amekosea. Mwalimu alimsalimu kwa Kiembu, wakaulizana habari za mvua na za mibuni mpaka nikadhani hatutafika kwenye lililotuleta. Alituingiza ndani na ungo wake, chumba chenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, akatuletea mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, na chai ya maziwa, na hakukubali tuseme neno kabla hatujala. Tulipomaliza ndipo akasimulia mwenyewe. Simu yake ilikuwa imekaa siku tatu bila chaji kwa sababu stima zilipotea na mvua. Binti yake, Gicuku, alipiga na kupiga bila kumpata, kisha akampata binamu yake aliyeko Embu mjini, naye kwa kilio alichosikia hakuuliza, akawaambia wengine. "Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe," akasema. "Nikakuta watu langoni kwangu wanalia. Nami nikatupa majani nikaanza kulia pamoja nao. Nilidhani ni Gicuku. Wakaniona. Mmoja akakimbia."

Mwalimu hakucheka, nami sikujua kama inafaa. Kisha mama akatutazama, kwanza yeye, halafu mimi, akauliza kwa sauti ile ile aliyoulizia kama chai ina sukari ya kutosha. "Sasa kati yenu ni nani aliyeniua?"

Niliona Mwalimu anafungua mdomo. Nikasema, "Ni mimi, cucu," nikimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Uliniua namna gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa Kiswahili changu cha shule kilichochanganyika na Kimeru, lakini nilimweleza yote: orodha, mvua, pilau, usingizi, mashine isiyo yangu, siku mbili za kunyamaza. Mwalimu alikuwa akitazama maharagwe. Mama Wambeti alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono akaniondolea punje ya mukimo iliyokuwa kwenye mkono wa sweta yangu.

"Kufa sikukasirikii," akasema. "Kufa nitakufa. Nitakuambia kinachoniuma. Gicuku ana miaka kumi na mmoja hajakanyaga hapa. Kila mwaka kazi, kila mwaka hapewi likizo. Siku aliyosikia nimekufa, akapewa likizo, akapata tikiti, siku ile ile. Halafu tukazungumza kwa simu, akapiga ukelele kusikia sauti yangu, tukamshukuru Mungu. Kesho yake akarudisha tikiti." Alishika ungo wake tena akaanza kupeta, taratibu. "Nilikuwa karibu nimwambie angoje kidogo, asirudishe. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nitakufa wiki ijayo?"

Hapo ndipo nililia. Yeye hakulia. Aliniwekea chai nyingine, na kabla hatujaondoka aliandika namba yangu nyuma ya kalenda.

Tulitembea hadi barabarani kati ya mashamba, maua ya kahawa yametoka baada ya mvua, meupe na harufu ile nzito inayomfanya mtu ajisikie kama yumo ndani ya ndoto ya mwingine. Nikamuuliza Mwalimu kama alijua tangu mwanzo. Akasema alijua. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningelisema mimi, lingebaki kuwa jambo langu la kukusemea," akajibu. "Nilitaka liwe lako." Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Siku ya pili nilianza kuwa na wasiwasi."

Jumatatu nilimwambia Madam Makena. Alizungusha kalamu, kisha akasema hawezi kunirudisha kwenye orodha mpya kwa sasa. Nikamuuliza kama amenifuta kazi. "Hapana," akasema. "Wewe ndiye utakayefuta. Fuata kila kitu kilichotokana na ile kweli yako moja, ukifute."

Nilidhani ni kazi ya alasiri moja. Ilinichukua miezi mitatu. Kwa kuwa Mwanafunzi hakuwa ameliweka jambo lile kabatini. Alikuwa amejifunza kutokana nalo. Kwenye sentensi ile ile aliona kwamba marehemu alikabidhi ufunguo, akahitimisha kwamba kukabidhi ni dalili ya kufa, na akaanza kuwaua watu nchi nzima. Walimu wakuu waliohamishwa walikufa. Machifu waliostaafu walikufa. Mchezaji mmoja wa mpira aliyerudisha jezi yake alikufa, na kwa sababu alikuwa amekufa, mke wake aliyefungua duka la nguo akawa mjane. Nilikwenda nyuma hatua kwa hatua, nikasoma kila sentensi mara tatu, nikawafufua mmoja mmoja. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka. Mwalimu aliketi upande wake na orodha mpya, mimi upande wangu na wafu wangu, na mara nyingine, nikimaliza mmoja, nilitamka jina lake kwa sauti ndogo, naye bila kugeuka angeitika, "Karibu tena."

Siku hizi simu niliyonayo mfukoni hujibu kila swali kwa Kiswahili kisafi, na mashine zilizosoma mengi mara elfu kuliko yetu huzungumza na watoto wa dada zangu kama shangazi. Sina ugomvi nazo. Ila kila zinaponiambia jambo kwa uhakika, huwa najiuliza ni binti gani, chumba gani, na mvua gani iliyokuwa ikinyesha aliposema kweli.

Mwaka ule, tangu safari ya Karurumo, Cucu Wambeti alikuwa akinipigia simu kila baada ya wiki chache. Hakuwa na la maana. Aliniuliza tu kama bado yu hai huko kwenye kompyuta, nami nilifungua ukurasa, nikautazama, nikamwambia, "Uko hai, cucu," naye akasema haya, basi aendelee na kazi. Kisha mwezi wa Novemba ikaingia simu yenye namba ndefu nisiyoijua.

"Wewe ndiye Kendi?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Ndiye uliyemuua mama yangu?"

"Ndiye mimi."

Nilisikia akivuta pumzi. Nilikuwa tayari kwa lolote. "Naitwa Gicuku," akasema. "Niliposikia yuko hai nilifurahi, halafu nikarudisha tikiti nikaenda kazini. Siku ile ile. Nilivaa sare nikaenda. Tangu wakati huo nalifikiria hilo. Nimekata tikiti nyingine. Nafika wiki ya pili ya Desemba. Mama hajui, na sitaki ajue. Nimekuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia ambaye hatamwambia. Na usiliandike mahali, hilo jitu lenu likalisoma."

Nikamwahidi. Cucu alinipigia mara mbili katika wiki hizo. Mara ya pili alikuwa amechoka, maharagwe hayakuwa mazuri, magoti yanamuuma, na akasema Krismasi ikikaribia nyumba huwa kubwa. Nililiuma neno mdomoni hadi likaniumiza. Nilimwambia tu kwamba yuko hai, nimehakikisha.

Halafu alasiri moja ya Desemba, Mama Zuhura akiwa ametuletea chai juu mwenyewe kwa sababu ilikuwa wiki yetu ya mwisho kabla ya ofisi kufungwa, jina la Cucu Wambeti lilitokea kwenye simu yangu. Niliitika. Hakuna aliyenijibu. Palikuwa na kuku, na mlango, na wanawake wawili wanazungumza kwa pamoja Kiembu, mmoja analia, mwingine anacheka, halafu wanabadilishana. Niliiweka simu mezani katikati yetu. Mwalimu Nyaga alivua miwani. Madam Makena aliacha kufunga makatoni, na Mama Zuhura akakaa na birika mkononi, na sote wanne tukasikiliza bila kusema neno hadi salio lao lilipoisha.